Bluu ya Kufulia, Mrututu na Kijani cha Mtumbwi: Rangi Ipi ni ya Kuogopa?



Mama mmoja wa WAWATA, ambaye hufua vitambaa vya altare vya kigango chake kando ya ziwa, alitujia na swali. Alikuwa ameloweka vitambaa katika beseni, akaacha kibonge cha bluu juu ya jiwe. Alipogeuka alimkuta mjukuu wake ana mdomo wa buluu mpaka kwenye meno. Jirani wa kwanza akasema bluu ni sumu, mtoto atapishwe upesi. Jirani wa pili akasema bluu ni dawa, kwani wapo wanaoipaka hata kwenye vidonda. Mama yule akatuuliza: nani kati yao anasema kweli?

Jibu letu ni kwamba wote wawili walikosea. Mtoto aliyelamba bluu ya kawaida ya kufulia kwa kawaida hadhuriki. Asuguliwe mdomo kwa maji safi, apewe maji ya kunywa, aangaliwe. Asitapishwe, maana kutapika kwenyewe kwaweza kuleta hatari ya kupaliwa. Na bluu si dawa ya kidonda hata kidogo. Lakini tulipomweleza hivyo tuliona kwamba jambo lenyewe ni pana kuliko kibonge kimoja. Majumbani mwetu zimo buluu na kijani za aina nyingi, zote zimetengenezwa na binadamu, na kwa macho zinafanana. Moja haina neno, nyingine humlaza mtoto hospitalini. Basi mwezi huu tuzitazame moja moja.

Tuanze na tofauti moja ambayo mafundi wa rangi huijua vizuri. Kuna rangi inayoyeyuka katika maji, ikaingia ndani ya uzi na kushikamana nao. Hiyo ndiyo ya kutilia nguo, kama zile zilizotumika katika viwanda vya khanga na vitenge, Mwatex yetu ya hapa Mwanza ikiwa mojawapo. Na kuna rangi isiyoyeyuka kabisa. Hiyo ni unga laini mno, mithili ya vumbi, unaoelea ndani ya mafuta, chokaa, plastiki au wino, kisha kile kilichoubeba kikikauka, unga hubaki umenaswa humo. Rangi ya mlango, ya ndoo na ya mtumbwi ni ya namna hii ya pili. Tofauti hii ina maana kwa afya. Unga usioyeyuka mara nyingi hupita tumboni na kutoka ulivyoingia, ilhali kinachoyeyuka huingia katika damu. Tumesema mara nyingi, hatukusema daima. Baadaye tutaona unga usioyeyuka majini lakini ambao tumbo la mtoto hulijua jinsi ya kuuyeyusha.

Bluu ya kufulia ina historia ambayo Mkatoliki atapenda kuisikia. Zamani rangi ile ilitoka katika jiwe la thamani lililochimbwa milima ya Badakhshan, huko Afghanistan. Jiwe lilisagwa, likasafishwa kwa taabu nyingi, na bei yake ilikuwa kubwa hata wachoraji wa Italia waliiweka akiba kwa ajili ya joho la Bikira Maria. Tunapomwona Mama Maria amevaa buluu katika picha za kanisani, tukumbuke kwamba wale wa kale walikuwa wakimvika kitu cha gharama kuliko vyote walivyokuwa navyo kwenye kibao cha rangi.

Kisha watu wakaanza kuona jambo la ajabu katika matanuri. Mwandishi wa Kijerumani Goethe, akisafiri karibu na Palermo mwaka 1787, aliona vibonge vya buluu vilivyoganda kwenye matanuri ya chokaa. Mwaka 1814 kitu kama hicho kikaonekana Ufaransa katika tanuri la magadi. Hapakuwa na jiwe la Afghanistan mle, ila moto, udongo na magadi. Mwaka 1824 chama kimoja cha kuendeleza viwanda mjini Paris kikatangaza zawadi ya faranga 6,000 kwa atakayeitengeneza buluu hiyo kwa bei nafuu, na mwaka 1828 ikachukuliwa na Jean-Baptiste Guimet. Mwaka huohuo Gmelin, profesa wa Tübingen, Ujerumani, akaichapisha njia yake mwenyewe.

Vinavyohitajika ni vitu ambavyo hakuna asiyeweza kuvielewa: udongo mweupe wa kaolini, kama ule unaopatikana Pugu karibu na Dar es Salaam, pamoja na magadi, salfa na makaa. Huchanganywa vikachomwa kwa siku kadhaa kwenye joto la nyuzi kama 800. Udongo na magadi hujenga vijumba vidogo mno visivyoonekana, na ndani ya vijumba hivyo atomu za salfa hunaswa tatu tatu. Salfa tunayoijua ni ya njano, lakini ikifungwa hivyo ndiyo inayotoa buluu. Hakuna shaba wala madini mazito mle ndani.

Msomaji akitaka kuthibitisha, achukue bluu ya unga ya aina ya zamani, kiasi cha ncha ya kijiko, aikamulie ndimu juu yake. Baada ya muda buluu itafifia, na pua itasikia harufu ya yai bovu. Tindikali ya ndimu imevunja vijumba na salfa imetoka. Jaribio hilo lifanyike nje, kwa kiasi kidogo hivyohivyo, na watu wasiinamie bakuli. Isipobadilika, basi bluu hiyo ni ya aina nyingine, kwani siku hizi zinauzwa hata za maji ndani ya chupa, ambazo hutengenezwa kwa rangi zinazoyeyuka.

Na kwa nini kitu cha buluu kifanye nguo iwe nyeupe? Pamba ikizeeka huelekea unjano. Buluu kidogo huuzima unjano ule machoni petu, nasi tunaona weupe. Nguo haijawa safi zaidi, jicho tu limepatanishwa. Sabuni nyingi za unga za leo zina kemikali nyingine inayong'aa juani, ndiyo maana kibonge cha bluu hakitafutwi kama zamani. Hata hivyo kwa magauni ya Komunyo ya Kwanza na vitambaa vya altare, akina mama wengi bado hawakubali kingine.

Unga huuhuu hutiwa katika plastiki, sabuni, vipodozi, na hata katika chokaa ya kupakia kuta, maana chokaa haiudhuru. Buluu nyingine kongwe, ile iliyovumbuliwa Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1700 kutokana na chuma, haiwezi kazi hiyo. Ukiitia katika chokaa mbichi hugeuka kahawia. Lakini hiyo ya Berlin ina sifa yake. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazili, watu walivunja mashine kuukuu ya hospitali bila kujua kwamba ndani yake kulikuwa na unga wenye mionzi ya hatari. Waliotibiwa walimezeshwa buluu hiyo, ikaikamata ile sumu tumboni na kuitoa nje pamoja na choo. Leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Bila shaka ile ya hospitali ni safi, wala si ya kopo la fundi.

Sasa tuje kwenye buluu na kijani zinazotawala dunia ya leo. Mwaka 1928, katika kiwanda cha rangi cha Grangemouth, Uskoti, chombo cha chuma kilichopakwa enameli kilipata ufa. Kilichokuwa kikipikwa humo kilitakiwa kiwe cheupe, lakini wafanyakazi wakakuta madoa ya buluu yenye ukijani. Kemikali ilikuwa imekigusa chuma kupitia ule ufa. Wengine wangetupa na kulaumu chombo. Wao walichunguza. Mwaka uliotangulia wataalamu wawili wa Fribourg, Uswisi, walikuwa wamekutana na kitu kama hicho chenye shaba bila kujua thamani yake. Miaka ya 1930 Profesa Linstead wa London akafumbua jinsi kilivyojengwa, na mwaka 1935 kikaingia sokoni kwa jina la Monastral. Jina lake la kitaalamu ni thalosayanini ya shaba.

Mapishi yake nayo yanaeleweka. Dawa ya nondo tunayotia masandukuni, naftalini, hugeuzwa kiwandani kuwa kemikali nyingine. Kemikali hiyo hupikwa pamoja na urea, ileile urea ya kukuzia mahindi, na chumvi ya shaba, kwa joto la karibu nyuzi 200. Yanatokea mapete, na katikati ya kila pete imeketi atomu moja ya shaba, imeshikwa na naitrojeni nne pande zote. Tukitaka kijani, tunaondoa haidrojeni zilizo pembezoni mwa pete, ambazo ni 16, na karibu zote tunazibadilisha kwa klorini. Buluu inakuwa kijani, na shaba haiondoki mahali pake.

Hapa tunaomba kusimama kidogo, maana jambo hili lilitugusa. Ukijani wa jani la muhogo hutokana na pete inayofanana sana na hiyo, ila katikati yake pana magnesi. Na wekundu wa damu yetu hutokana na pete ya jamaa hiyohiyo yenye chuma katikati. Mwumba alikuwa ameutumia mchoro huo tangu siku jani la kwanza lilipoota, na binadamu akauona kwa sababu sufuria lilipasuka.

Rangi hizi mbili hazipauki juani, hazitoki kwa sabuni, wala ndimu haizifanyi kitu. Ndiyo maana zimeenea kila mahali: ndoo, madumu, turubai, mabomba ya maji, rangi za milango, na wino wa buluu unaotumika kuchapa picha za rangi katika magazeti. Pamba inapotiwa rangi ya feruzi iliyokolea, mara nyingi ni pete hiyohiyo iliyobadilishwa kidogo ili iyeyuke. Kwa afya hazina ubaya mkubwa, kwa kuwa shaba yake imefungwa barabara na haiachii. Ndoo ya buluu ya dukani haina neno. Ubaya uko katika ndoo iliyobeba kitu kingine hapo awali. Dumu la dawa ya pamba halitakuwa dumu la maji ya kunywa hata lioshwe mara ngapi.

Tofauti kabisa na hiyo ni shaba isiyofungwa. Mrututu! Wengine huuita bluu kopa. Fuwele zake ni za buluu nzuri ya kuvutia kuliko bluu ya kufulia, na mtoto anayeziona hudhani ni peremende. Mrututu huyeyuka upesi majini, na shaba yake huingia mwilini. Aliyeumeza huhisi ladha ya chuma mdomoni, hutapika matapishi yenye rangi ya buluu au kijani, huumwa tumbo, na baadaye macho yaweza kuwa ya njano, mkojo ukawa mweusi na figo zikasimama. Hapo hakuna dawa ya nyumbani. Asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja, na kifurushi chenyewe kichukuliwe ili mganga akione.

Mrututu una kazi zake halali. Huko Bordeaux, Ufaransa, wakulima walikuwa wakinyunyiza mchanganyiko wa mrututu na chokaa kwenye mizabibu iliyo kando ya barabara, ili wapita njia waone rangi mbaya na wasiibe zabibu. Profesa Millardet akagundua kwamba mizabibu ile iliyotishiwa wezi ndiyo iliyopona ukungu, na mwaka 1885 akaitangaza dawa hiyo. Mpaka leo dawa za shaba hupigwa kwenye kahawa na nyanya. Mrututu ulitumika pia miaka mingi, hasa Misri, kuua konokono wanaobeba kichocho, ugonjwa tunaoujua sana sisi watu wa pwani ya ziwa. Lakini kinachoua konokono huua na samaki. Anayelima nyanya karibu na maji asisuuze bomba la kunyunyizia ziwani, wala mtoni.

Na mrututu usitunzwe jikoni, wala katika kopo lililowahi kuwa la bluu, sukari au chumvi. Kosa la kopo ni jepesi kutendeka, hasa taa ikiwa imezimika. Kuna wanaoutia kwenye vidonda pia. Wanachoma nyama iliyo hai, kisha wanaona kidonda kimekauka juu wakadhani kimepona. Kadhalika bluu: yenyewe haichomi, lakini kifurushi chake si safi, na kidonda kilichotiwa uchafu chaweza kuleta pepopunda. Kitovu cha mtoto mchanga, hasa, kisipakwe bluu, mavumbi, mafuta wala majivu. Kiachwe kikavu na safi, au kipakwe ile dawa tu mama aliyopewa kliniki.

Kijani nacho kimewahi kuwa sumu iliyo wazi. Mwaka 1775 Scheele wa Uswidi alitengeneza kijani kwa shaba na arseniki, na mwaka 1814 huko Schweinfurt, Ujerumani, ikapatikana nyingine nzuri zaidi. Wazungu wakaipaka kwenye karatasi za ukutani, magauni, maua ya bandia, na wengine, Mungu awasamehe, kwenye peremende. Kuta zilipopata unyevu, ukungu uliota na kutoa hewa ya arseniki vyumbani. Rangi hiyo haiuzwi tena madukani kwa kupakia nyumba. Ila ina ukurasa wake katika habari za malaria. Kuanzia miaka ya 1920 unga wake ulirushwa juu ya maji kuua viluwiluwi vya mbu. Mwaka 1930 mbu mkali wa Afrika, tunayemjua sana, alionekana Natal, Brazili, akaeneza malaria vibaya sana, na silaha mojawapo iliyomwondoa huko kufikia mwaka 1940 ilikuwa unga huo wa kijani. Alipoingia Misri ya juu mwaka 1942 alipigwa vilevile, akamalizika 1945. Kwetu hakumalizika, kama kila mzazi ajuavyo, na vyandarua vyetu vya buluu na kijani vina rangi tu ya uzi. Kinachoua mbu ni dawa iliyomo katika uzi, nayo haina rangi.

Tusizisahau rangi za unga zinazouzwa kwa vipakiti sokoni kwa ajili ya ukili na mikeka. Hizi ni zile zinazoyeyuka. Ukimwona kijana anatia kijani hiyo kwenye barafu za watoto au kwenye ubuyu kwa sababu ni rahisi kuliko rangi ya chakula, usinunue, na ikiwezekana mwambie kwa upole. Kati yake yumo jamaa wa kijani cha malakiti, iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1877 na ambayo haina hata chembe ya malakiti, lile jiwe la kijani la Katanga. Ni jina tu. Huua ukungu kwenye mayai ya samaki, na kwa sababu hiyo baadhi ya wafugaji duniani waliitumia. Imekatazwa kwa samaki wa kuliwa katika nchi za Ulaya na nyingine nyingi, kwani hukaa katika nyama ya samaki na inashukiwa kuleta saratani. Siku hizi vizimba vya sato vimekuwa vingi katika maji yetu, na mfugaji atakayeshauriwa na rafiki kutumia dawa ya kijani amwulize kwanza ofisa uvuvi.

Ndugu yake wa zambarau ni GV ya zahanati. Hiyo ni dawa, lakini kwa kipimo. Ile ya vidonda vya mdomoni vya watoto huzimuliwa kuliko ile ya ngozi, kwa hiyo chupa ya jirani isichukuliwe hivihivi. Hata buluu anayotumia mtu wa maabara kutafutia vijidudu vya malaria katika tone la damu imetoka katika viwanda hivihivi vya rangi. Mojawapo ya buluu hizo ilijaribiwa kama dawa ya malaria mwaka 1891 mjini Berlin, na wagonjwa wawili wakapata nafuu.

Lipo jambo moja ambalo si la kiwandani, ila linatuchanganya sisi watu wa ziwa. Kuna majira maji ya Ghuba ya Mwanza huwa kama uji wa kijani, na ule uji ukisukumwa na upepo ukakaukia kwenye mawe huacha rangi ya buluu inayong'aa, hata mtu akadhani kuna fundi aliyemwaga kopo. Si rangi ya duka. Ni vijidudu hai vinavyostawi kwa mbolea na uchafu unaoingia ziwani, na baadhi yao hutoa sumu ya ini. Kuchemsha maji hayo hakuondoi sumu hiyo. Watoto wasiogelee mle, na maji ya kunywa yachotwe mahali pengine.

Tumeiacha kwa makusudi mpaka sasa ile inayotutia hofu kuliko zote. Ukipita Mwaloni Kirumba au mwalo wowote mwingine utaona mitumbwi ya buluu, njano na kijani, mizuri ya kupendeza. Kwa miaka mingi kijani cha rangi za mafuta kilipatikana kwa kuchanganya ile buluu ya Berlin na njano yenye kromu na madini ya risasi. Hata baada ya kijani cha thalosayanini kuenea, wenye viwanda waliendelea kukichangamsha kwa njano hiyohiyo, kwa kuwa ni rahisi na hufunika vizuri. Shirika la AGENDA la Dar es Salaam limepima rangi za mafuta zilizouzwa nchini mwetu kwa nyakati mbalimbali, na baadhi yake zilikutwa na risasi nyingi mno, hasa zile za njano. Kiwango ambacho Umoja wa Mataifa unazihimiza nchi kukiweka kuwa kikomo ni sehemu 90 tu katika sehemu milioni moja za rangi iliyokauka.

Huu ndio ule unga tuliousema mwanzoni. Majini hauyeyuki, lakini tindikali ya tumboni huufungua. Na mtoto hunyonya risasi mara nne au tano kuliko mtu mzima anayekula kiasi kilekile. Risasi ikishaingia hujificha katika mifupa na kuharibu ubongo unaokua. Mtoto haanguki wala hapati homa. Anakuwa mzito wa kujifunza, mwenye hasira, tumbo linamsumbua, damu inapungua, na mwalimu anamwona mvivu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na mwaka 2021 lilielekeza kwamba mtoto akipimwa na kukutwa na mikrogramu 5 au zaidi katika desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Ubongo ulioharibika haurudi ulivyokuwa.

Kwa hiyo anayenunua rangi ya mlango, ya kitanda cha mtoto au ya madawati ya chekechea ya parokia asome kopo na kuuliza kama imeandikwa kuwa haina risasi. Kamati za ujenzi zilizoea kuangalia bei, nasi tunaelewa kwa nini, lakini madawati ya watoto si mahali pa kubania shilingi. Rangi ya zamani ambayo bado imeshika vizuri haina haja ya kubanduliwa. Ipakwe nyingine juu yake.

Fundi wa mitumbwi akikwangua rangi kuukuu, alowanishe kwanza kwa maji, wala asiikwangue kavu au kuichoma kwa moto. Avae kitambaa usoni, ingawa kitambaa hakizuii vumbi lote. Anawe kabla ya kushika ugali, na nguo za kazi azivue kabla ya kumpakata mtoto, zifuliwe peke yake. Magamba ya rangi yafagiliwe yazikwe mbali na maji. Watoto wakae mbali siku hiyo, kwani magamba ya rangi ya risasi yana utamu kidogo, ndiyo sababu mtoto akionja mara moja hurudia. Chakula chenye madini ya chuma na chokaa husaidia mwili usinyonye risasi nyingi. Katika hilo tumebarikiwa, maana dagaa wakiliwa wazima na mifupa yao wana vyote viwili.

Na mbao za mtumbwi uliochakaa zisifanywe kuni. Tunajua kuni ni ghali mwaloni, na ubao mkavu wenye rangi huwaka vizuri. Lakini risasi hupanda pamoja na moshi, huingia kifuani mwa mama anayepika, na majivu yake hubaki jikoni ambamo mtoto hutambaa. Wanaokausha samaki kwa moshi waangalie zaidi, kwa kuwa samaki wale huuzwa mbali, na anayewala Shinyanga au Tabora hawezi kujua ulichomwa ubao wa rangi gani.